Aliyepotea ni wa Nani?

Nianze na ugomvi. Tulikuwa vijana sita ndani ya chumba kimoja cha kupanga hapa Bugarama, usiku wa Jumamosi. Umeme upo, kompyuta ya fundi simu imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na filamu ndiyo kwanza imekwisha. Inaitwa Gone Baby Gone. Ni ya mwaka 2007, ya kwanza kuongozwa na Ben Affleck, na imetokana na riwaya ya Dennis Lehane iliyotoka mwaka 1998. Haikuwa na mtafsiri. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tumezoea sauti ya Lufufu ikituambia nani adui na nani steringi kabla hata hatujawaona vizuri. Usiku ule hapakuwa na wa kutuambia, na nadhani ndiyo maana tuligombana.

Kisa chenyewe kifupi. Huko Boston mtoto wa miaka minne, Amanda, amepotea. Shangazi yake anamkodi kijana mpelelezi, Patrick Kenzie, pamoja na mchumba wake Angie. Mama wa mtoto ni mlevi, mtumiaji wa unga, mtu wa hovyo kabisa. Polisi wanaamini mtoto ametumbukia kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji, na jambo linafungwa hivyo. Hapo mmoja wetu akasema, "Hilo shimo kama la kwetu." Tukacheka kidogo tu. Mwishoni Patrick anagundua kwamba mtoto hakufa. Yuko hai, mnene, anacheka, nyumbani kwa mkubwa wa polisi aliyestaafu, ambaye aliwahi kufiwa na binti yake na sasa anamlea Amanda kama wake. Ameibwa ili apone. Angie anamsihi mchumba wake amwache pale pale. Lakini Patrick alimwahidi mama kwamba atamrudisha mtoto. Anapiga simu polisi. Mtoto anarudi kwa mama yake, Angie anaondoka, na tunamwona Patrick amekaa kwenye kochi na Amanda kwa sababu mama anatoka kwenda kustarehe. Anamuuliza mtoto habari za mwanasesere wake kwa jina alilolisikia kwa mama. Mtoto anamsahihisha. Kumbe hata jina la mwanasesere mama hakulijua.

Wanne kati yetu walisema Patrick ni mjinga. Fundi simu, mwenye kompyuta, alisimama kabisa: "Yaani umemkuta mtoto anakula, anasoma, unamrudisha jalalani? Eti ahadi!" Mmoja tu, dereva wa bodaboda, alimtetea: mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu. Mimi nilinyamaza. Walidhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa na kesi yangu mfukoni, na kesi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya badala ya kuendelea na riwaya yangu, ambayo imekwama sura ya tisa.

Kabla sijaifungua hiyo kesi, niruhusu niseme neno kuhusu wapelelezi wetu. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea, lakini kusoma sikuacha. Nimemsoma Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960. Nimesoma Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, nakala isiyo na jalada. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa nimewasoma mpaka kurasa zikaachana. Hawa ni baba zetu katika fani, na simvunjii heshima hata mmoja. Lakini angalia jambo hili: mpelelezi wao akishajua, kazi imekwisha. Kujua ndiyo ushindi wenyewe. Muuaji anatajwa, vibaraka wanakufa, msomaji analala.

Kuna filamu nyingine ambazo Wafaransa walizibatiza jina la filamu nyeusi, na wajukuu wake waliokuja baadaye, kama Chinatown ya mwaka 1974 na hii ya Boston. Humo kujua ndiyo mwanzo wa taabu. Mpelelezi anaupata ukweli kama mtu aliyeokota kaa la moto: hawezi kulishika, na akilitupa linaunguza nyumba ya mtu. Nilikuwa nikidhani hayo ni mapambo ya Wazungu. Siku hizi sidhani hivyo.

Sasa tuje huku kwetu. Bugarama kupotea si habari. Kijana anaondoka kwao Maswa au Kwimba au Kibondo, anasema anakwenda kutafuta maisha, na anayatafuta kweli: leo yuko Kakola, mwezi ujao Nyarugusu, rashi ikitokea Mgusu yuko Mgusu. Jina la kwao analiacha njiani. Kwenye duara hapaulizwi cheti cha kuzaliwa. Utaitwa Babu, Mkurya, Saa Mbovu, Teja, na ukifa utazikwa kwa jina hilo kama hakuna anayejua jingine. Mimi ni karani kwenye mwalo. Naandika mifuko ya mawe inayoingia kwenye karasha na ya nani. Katika daftari langu la mwaka jana majina kamili hayazidi kumi. Mengine yote ni ya utani. Polisi wakija kesho na orodha ya waliopotea, daftari langu halitawasaidia kitu.

Na hapa hapa tulipo pana swali la waliopotea lililo kubwa kuliko sinema yoyote. Wazee wanalisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1994 leseni ya Bulyanhulu ilikwenda kwa Kahama Mining, kampuni iliyokuwa tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, wakati maelfu ya wachimbaji wadogo wako juu ya eneo hilo hilo. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliamuru wachimbaji waondoke, na mapema Agosti maduara yakafukiwa. Tangu hapo yamekuwapo madai kwamba watu zaidi ya hamsini walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Barrick wakainunua Sutton mwaka 1999, mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Wanasheria wa LEAT waliokuwa wakilipigia kelele jambo hilo, akina Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walijikuta wakishitakiwa kwa uchochezi. Malalamiko yakafika mpaka Benki ya Dunia, na ofisi yake inayopokea malalamiko ikasema mwaka 2002 kwamba haikuona msingi wa madai hayo. Waliodai uchunguzi huru hawakuridhika.

Mimi si jaji, na wakati huo sikuwa nimezaliwa. Kinachonisumbua kama mwandishi ni kitu kingine. Mahali ambapo watu wanaitwana Saa Mbovu na Teja, unahesabuje nani hayupo? Mama aliyeko kijijini ambaye mwanawe hakurudi mwaka 1996 anaweza kuwa mama wa marehemu, au mama wa mtu aliyehamia Mererani akaoa huko akasahau. Wote wawili wanapika chakula cha ziada jioni. Ripoti inaweza kusema hivi au vile. Kwake yeye hakuna iliyotaja jina la mwanawe.

Kuna wanaosema: basi mama kama huyo na aambiwe mtoto amekufa, alie, anyamaze. Neno hilo si jepesi hivyo. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeandikia Mwananchi, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hakuonekana tena. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, akihojiwa na BBC, alitamka kwamba Azory alitoweka na kufa. Kisha ikaelezwa kwamba hakueleweka alivyokusudia. Fikiri uko nyumbani kwa Azory siku hiyo. Asubuhi unaambiwa ni marehemu, kesho yake unaambiwa hukuelewa. Utatoa matanga? Utayarudisha?

Na matumaini, ambayo wajuaji wanayaita ujinga, huku kwetu yana ushahidi. Oktoba 2015 duara liliporomoka kule Nyangalata, wilaya ya Kahama. Watu wakakaa chini ya ardhi siku 41. Siku arobaini na moja, bwana! Waliishi kwa kula wadudu na magome ya miti ya matimba. Novemba wakatolewa watano wakiwa hai, mwenzao mmoja alifia humo. Kwa hiyo ukimwambia mama wa huku "huyo hayupo tena," atakuuliza: umechimba siku ngapi?

Basi, kesi yangu.

Jirani yetu mmoja, nitamwita Mama tu, ana mtoto wa kiume aliyeondoka miaka minne na miezi kadhaa iliyopita. Huyo kaka nilimjua tangu nikiwa mdogo, ndiye aliyenifundisha kucheza drafti. Aliacha mke na mtoto mchanga. Hakuaga. Ilipopambazuka, ng'ombe kumi na wawili hawapo zizini, na kila mtu alielewa. Wale walikuwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, waliowekwa ili wadogo zake wawili wapate kuoa. Kwa sisi tuliozaliwa Usukumani sina haja ya kueleza hilo maana yake nini. Kwa wa Dar es Salaam niseme hivi: aliiba ndoa mbili.

Mwaka wa pili baba yake alifariki. Mwezi wa nne mwaka huu bosi wangu alinituma Nyarugusu kuangalia maruduo ya kununua. Mama akasikia. Akaja jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda Geita huko." Akafungua khanga, akatoa picha ndogo ya pasipoti. "Ukiona kijana wa kufanana na huyu, mwambie hatumdai ng'ombe."

Ahadi niliitoa pale pale, kirahisi kabisa, kama Patrick. Nikasema nikimwona nitamleta.

Willy Gamba angetumia bastola na warembo wawili. Mimi nilitumia drafti. Siku ya tatu, nyuma ya karasha moja, palikuwa na watu wamezunguka ubao, na mmoja akawa anasukuma kete kwa mkono wa kushoto, haraka haraka, huku akipiga mluzi. Sikuhitaji picha. Nilisimama mpaka akashinda. Akainua macho. Akanijua.

Tulikaa kwa mama lishe. Aliniambia yote bila kuulizwa: fedha ya ng'ombe aliiingiza kwenye duara, duara likaingia maji, wakavuta maji mwezi mzima, matimba yakaachia, basi. Alikusudia kurudi akiwa na ng'ombe ishirini. Kila mwaka anasema mwaka ujao. Nikamwambia kuhusu baba yake, maana sikuona njia ya kutomwambia. Alilia mtu mzima yule, mbele ya wali maharage, na watu wakageuza nyuso kwa adabu. Nikadhani sasa atasema twende.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi pale nyumbani nilishakufa. Usinifufue. Mwambie mama hukuniona."

Akanipa shilingi laki mbili nimpelekee mama kama msaada wa mtu mwingine. Na akaniomba nimwapie. Nikaapa. Alipokuwa ananisindikiza kituoni, mlangoni kwake alitoka mwanamke mwenye mimba kubwa akanisalimia, "Karibu shemeji." Naye hakuwa na habari kwamba kuna shemeji mwingine.

Hivyo nikarudi Bugarama nikiwa na viapo viwili vinavyogombana. Nikashika cha pili. Nikamwambia Mama sikumwona. Laki mbili nikasema ni za bosi wangu, za sadaka. Mama akanishukuru, akasema Mungu ambariki bosi. Bosi wangu! Mtu anayekata mshahara kwa dakika kumi.

Kwa wiki sita nilijitetea hivi. Kwanza, ni mtu mzima, ana haki ya kujificha; hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuonekana. Pili, kiapo ni kiapo. Tatu, Mama ana matumaini, na matumaini yanamtosha. Nilijiona nina busara. Nilijiona kama Angie wa kwenye filamu: mwache alipo, ana amani.

Kilichonitoa usingizini ni wale wadogo zake wawili. Walianza kusema kwamba miaka mitano ikitimia watakwenda mahakamani. Na kweli sheria yetu ya ushahidi inatambua hivyo: mtu asiyesikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, anaweza kuhesabiwa amekufa. Wakishamuua kwa karatasi, shamba la marehemu baba litagawanywa kwa wawili badala ya watatu, matanga yatafanyika, na mjane, yaani mtu ambaye si mjane, atarithiwa au atarudishwa kwao. Siwalaumu sana, waliibiwa. Lakini familia nzima ilikuwa inajiandaa kumzika mtu aliyekuwa anacheza drafti Nyarugusu, na mimi ndiye niliyeshika jembe.

Hapo ndipo niliporudi kwa Patrick na kuanza kumwelewa, ingawa si kumkubali moja kwa moja. Wenzangu walimhukumu kwa kupima nyumba mbili: ipi nzuri, ya mlevi au ya polisi? Kwa kipimo hicho kila mtoto wa maskini ni halali kuibwa. Hapa kwetu wangebeba wangapi? Patrick aliona jambo lingine. Yule polisi hakumchukua mtoto tu, alimfanya mama aamini kwamba mtoto wake amezama shimoni. Mama mbovu, sawa. Lakini hata mama mbovu akimlilia mwanawe, kilio ni chake. Na mtoto naye siku moja angekuwa mtu mzima, angemtafuta aliyejua akanyamaza, amuulize kwa nini.

Nikapata njia, au nilidhani nimeipata. Nikajiambia kwamba habari ya mtu aliyepotea ina vipande viwili. Kuna "yuko hai," na kuna "yuko wapi." Cha pili ni mali yake mwenyewe. Mtu mzima akitaka kujificha na aibu yake, mwache nayo, hana deni la kuonyesha uso. Cha kwanza si chake peke yake, maana wanaomsubiri wanakiishi kila siku: mama anapika, mke analala peke yake, ndugu wanahesabu miezi. Huwezi kumwomba mtu akutunzie siri ambayo gharama yake inalipwa na watu wengine ambao hawajui hata kwamba wanalipa. Kwa mtoto wa miaka minne vipande hivi havigawanyiki, kwa kuwa hana uwezo wa kuchagua wapi. Ndiyo maana kesi ya Patrick ni ngumu kuliko yangu. Na familia za mwaka 1996, zile ambazo watu wao hawakurudi, hazidai zaidi ya kile kipande cha kwanza.

Nilifurahi sana na ugunduzi huu. Niliuandika kwenye kaunta buku, nikapigia mstari. Nikaenda kwa Mama, nikamkuta na wanawe wawili na mkamwana wake. Nikasema: "Mama, nilikudanganya. Kijana wako yuko hai. Alipo sitasema, kwa sababu ameniomba, na hizo hela zilikuwa zake."

Mama alikaa chini kwenye vumbi, polepole, kama mtu aliyetua ndoo. Hakuuliza wapi. Aliuliza kama anakula vizuri. Nikasema anakula. Akasema, "Wabeja," akaingia ndani, na usiku ule tulisikia anaimba nyimbo za kanisani mpaka saa saba.

Wadogo zake hawakuimba. Walikuja chumbani kwangu usiku wa pili, wakasema mtu aliyetumwa Nyarugusu akarudi na habari, hiyo haihitaji upelelezi. Ni kweli. Vipande vyangu viwili, kumbe vimeshonwa pamoja. Nikampigia kaka kumtahadharisha, na kukiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umeniua mara ya pili, mdogo wangu," akakata. Tangu siku hiyo namba hiyo haipatikani.

Hilo nilikuwa tayari kulibeba. Ambaye sikumfikiria vya kutosha ni mke. Katika hesabu yangu nilimweka pamoja na mama na ndugu, kundi moja la "wanaosubiri," kama vile wote wanasubiri kitu kimoja. Alikuja peke yake siku ya Jumapili, mtoto yuko mgongoni ingawa sasa ni mkubwa wa kutembea. Nikampikia chai. Nikasema karibu shemeji, na neno hilo likanikwama, maana nilikuwa nimeitwa hivyo hivyo mlangoni kule.

Akaniuliza swali moja: "Ana mtu huko?"

Nikamwambia lile nililokuwa nimejiwekea, kwamba mimi nimeruhusiwa kusema yuko hai tu.

"Hilo nimelisikia," akasema.

Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuinywa, hakulia, hakunilaumu. Nilikuwa na jibu mdomoni na kiapo mfukoni, na ule mstari nilioupigia kwenye daftari haukuniambia jibu hilo ni mali ya nani. Yeye ana miaka ishirini na mitano, sawa na mimi.

Jumatatu alfajiri nilimwona kituoni akipanda gari la Geita, na begi dogo. Mtoto alikuwa amemwacha kwa bibi yake. Hakunipitia kuniuliza njia.